Kijitu cha Vilima vya Kijani

Tangu ugonjwa ule uniguse upande wa kushoto, kidole gumba changu kililala. Hakikuuma, kililala tu, kama mgeni asiyejua kwamba kumekucha. Muganga wa mazoezi alisema nisipokifanyisha kazi kila siku kitalala moja kwa moja, na kila asubuhi nitamwita mke wa mwanangu anifunge kitenge.

Mjukuu wangu wa kike akasema, "Bibi, tukutafutie mashine ya michezo, ile ya kushika mukononi. Inataka vidole gumba viwili."

Tukashuka kutoka Kanyosha hadi duka moja la mjini. Zamani nilinunua vitenge humo kwa baba wa mwenye duka. Jina lake ninalo, na la babu yao pia, lakini niyaache yapumzike. Siku hizi rafu zile zile zimejaa simu. Mwenye duka, ndevu zimeshakuwa nyeupe, akanivutia kiti. Mjukuu akamwambia tunatafuta mashine ya michezo.

"Karibu mama. Ni ya mutoto gani?"

"Ya huyu," mjukuu akanionyesha mimi.

Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Wallahi, leo nimeona!"

Akaleta kwanza kubwa, ya kioo kipana. Ikaniangukia mapajani kwa uzito. Ya pili haikuchezeka bila intaneti.

"Apana," mjukuu akamkatiza. "Kwetu muliro wa umeme unakatika kila siku, na we unamuletea bibi mashine ya kungojea rezo ya intaneti?"

Ya tatu ilikuwa ya plastiki, nyepesi. Nikaigeuza nyuma kama nilivyogeuza kitenge kuona kama rangi imepita. Betri ilitoka kwa ukucha. Vifungo vyake vilikuwa vigumu kidogo, unajua umegusa kitu.

"Hiyo ni ya bei ndogo, mama," akasema, kama anayeomba radhi.

Nikaiwasha. Mle ndani kulikuwa na vilima vya kijani visivyo na nyumba, mawingu yakipita yale yale, na kijitu kimoja, mbele yake shimo. Kidole cha kulia kilikirusha juu, cha kushoto ndicho cha kukitembeza. Basi kijitu changu kikaruka, kikaruka, pale pale.

"Huyu anacheza ngoma!" mwenye duka akasema.

"Mwache, anapasha misuli moto," mjukuu akamjibu.

Sauti zao zikaenda mbali. Panga la feni likazunguka polepole, na mimi nikawa kule kwenye vilima, hakuna joto, hakuna mtu anayenisubiri. Sijui nilikaa muda gani. Kijitu kikasogea hatua moja. Kikasimama. Kikasogea tena.

"Bibi, umefinya!"

"Si mimi."

"Ni nani basi, mashetani?"

Nikatazama kidole changu. Kilikuwa kinatetemeka juu ya kifungo, polepole, chenyewe.

Mwenye duka akanyoosha mkono aichukue, aitie kwenye boksi. Nikaivuta kifuani.

"Ngoja, mwanangu," nikamwambia. "Sijavuka hili shimo."