Mwanzishaji wa Nyimbo na Mwenye Gitaa

Kanisa letu la Kanyosha halikuwa na kinanda. Halikuwa hata na sakafu ya simenti. Kila Jumamosi tulimwaga maji chini ili vumbi litulie. Lakini lilikuwa na mimi. Mchungaji akitaja wimbo, watu wote walinyamaza wakanisubiri, maana mimi ndiye nilikuwa mwanzishaji. Nikitoa mstari wa kwanza, kanisa zima linanifuata, wazee kwa watoto, na mchungaji mwenyewe akiwemo. Siku nyingine nilikuwa muuza ndagala tu, wale samaki wadogo wa ziwani, nanuka samaki na sina shule ya maana. Jumapili nilikuwa mtu. Asiyewahi kuwa mtu mahali popote hawezi kuelewa ninachosema.

Ndipo akaja yule mwanamke na gitaa lake.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Vita vilikuwa vimewaka Kongo, na watu walivuka kutoka Uvira na Fizi wakija kwetu na masufuria yao kichwani. Yeye alikuja na mtoto mgongoni na gitaa la marehemu mume wake, amelifunga kwa kikwembe vilevile kama alivyomfunga mtoto. Kanisa lilimpokea. Mimi pia nilimpokea, nisisingiziwe: nilimpelekea sombe, yale majani ya mihogo, na ndagala, nikamwonyesha bomba la maji liko wapi, nikamwita dada. Alikuwa mwembamba, mpole, anaongea chinichini, hata nikamhurumia. Sikujua kwamba namlisha mtu atakayenitoa mahali pangu.

Jumapili moja mchungaji alimwambia apige kidogo. Wazee wa kanisa walitazamana. Sisi tuliookoka tulikuwa tumeaga pombe na dansi, na gitaa tulilijua kuwa chombo cha kabare, kule Bwiza watu wanakokunywa na kucheza mpaka asubuhi. Lakini mchungaji alisema Zaburi zinataja vinanda vya nyuzi, na nani atabishana na Zaburi? Basi akapiga. Akaimba wimbo wake mwenyewe: mwenye dhambi anabisha kwenye mlango wa mbinguni, nje kuna baridi, anamwomba Bwana amfungulie. Mama mmoja mbele yangu alianza kuchezesha mabega. Chini ya meza niliuona mguu wa mchungaji ukigonga, tena kwa mapigo sawasawa.

Kuanzia hapo nilikwisha. Vijana waliofanya kazi za nyumbani kwa wakubwa wa Kiriri, waliozoea redio za mabwana zao na kutuona sisi washamba, walishuka mlima kila Jumapili kuja kumsikiliza. Wasichana walianza kusuka nywele kama zake. Mchungaji akasema kanisa limeamka. Limeamka! Kwani mimi miaka yote hiyo nilikuwa nawabembeleza walale?

Lakini kilichoniuma zaidi ni pale bombani. Wanawake wanajaza ndoo zao, wanaimba wimbo wake wa mlango. Nyimbo zangu waliziacha kanisani pamoja na mabenchi; wa kwake walikwenda nao nyumbani. Nilisimama na ndoo yangu, roho inaniuma, meno nje kama mtu anayefurahi. Wivu ule ulinikosesha hata ladha ya chakula. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu aniondolee, na kabla sijasema amina nikajikuta naomba nyuzi za gitaa zikatike.

Mungu alinijibu kwa njia nyingine, ndivyo nilivyodhani. Siku moja naanika mihogo uani, nikashtuka kwamba ninaimba wimbo wake mimi mwenyewe. Tena maneno yaliyonitoka mdomoni hayakuwa yake. Yalikuwa ya mwanamume mlevi anayebisha kwa mwanamke, anamwomba afungue, nje kuna baridi. Ile ilikuwa rumba ya kabare! Nilipoolewa tulipanga chumba Bwiza, ukuta kwa ukuta na mahali pa dansi, na wimbo ule walikuwa wakiupiga kila Jumamosi. Dada yetu mpole alikuwa amemtoa mlevi mlangoni, akamsimamisha mwenye dhambi pale pale alipokuwa mlevi, na rumba ikaendelea. Nilifurahi, jamani. Niliacha mihogo juani na kuingia ndani kucheka peke yangu. Nilijua sasa nimempata.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wazee wa kanisa walibaki kusikiliza mambo ya waumini, kama ilivyokuwa desturi. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Nilimshika dada mkono nikamwambia abaki pia. Kisha nikasimama mbele ya wazee.

"Wazee wangu, ule wimbo ambao dada anamletea Mungu ni wimbo wa kabare. Maneno ni mapya, lakini mwili ni uleule."

Mkubwa wa wazee, mkulima wa Ruziba asiyekuwa na haraka na neno lolote, alinitazama.

"Mama, iyo wimbo we unaijua namna gani?"

"Niliusikia kupitia ukuta tu, mzee. Tulikuwa majirani na kabare."

"Kupitia ukuta. Na maneno yote ukashika?"

"Yote."

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye na mimi tulijua vizuri upande gani wa ukuta tulikuwa.

"Ata ile ya mwisho," mzee akauliza, "pahali bibi anafungua mulango?"

Nikamtazama. Benchi zima likamtazama. Mzee akakohoa, akatafuta kitambaa mfukoni, na baada ya hapo hakuna aliyetaka tena kumwuliza mwenzake neno.

Dada ndiye aliyesema. "Bwana yangu ndiye alikuwa anaipiga kule Uvira. Mi nilitaka gitaa yake imuimbie Mungu, basi. Kama ni mubaya, naiacha."

Angenijibu kwa jeuri ningepona. Upole ule ulinichoma. Wazee walinong'onezana, kisha wakatoa uamuzi: wimbo utabaki, na kuanzia sasa gitaa ndilo litakaloanzisha nyimbo zote. Mimi nipumzike kidogo. Nipumzike! Kana kwamba kuna siku niliwaambia nimechoka.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye mabenchi ya wanawake, midomo nimeifunga. Nilikuwa nimeapa sitaimba hata neno moja, walione kanisa linavyokuwa bila mimi. Mchungaji akautaja wimbo mmoja wa zamani, wangu kabisa, nilioanzisha mara nyingi kuliko wote. Dada akagusa nyuzi, akasikiliza, akaanza taratibu. Na kutoka upande wa wanaume ikapanda sauti moja nzito, imekaa vizuri ndani ya wimbo, haitetereki. Watu wakaanza kugeuka. Na mimi nikageuka.

Alikuwa mume wangu. Amekaa pale kwenye benchi la wazee, amefumba macho, anaimba kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimezaa naye watoto wanne. Nilikuwa nimekwenda naye kanisani miaka yote tangu tuokoke, naye anashika kitabu mkononi na kunyamaza, na mimi nikajiambia kwamba maskini, Mungu hakumpa sauti.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Watoto walitangulia. Nilijikaza mpaka tulipopita soko, kisha nikashindwa.

"Kumbe unajua kuimba."

"Najua."

"Na zile zangu, miaka yote hiyo? Mbona huyu mwanamke anaanza leo tu, na wewe unamfuata?"

Hakuwa mtu wa kuumiza wengine, na niliona anatafuta njia ya kuzunguka.

"Mama watoto, we ulikuwa unaanzaka juu sana. Siye wanaume tulikuwa tunashindwa kufika."

"Wote?"

"Wote."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani angekuambia?" akasema. "Ulikuwa unafurahi sana."