Asiye na Kazi wa Mgwashi

Bosi wangu, mtafiti, alipanda milimani kutoka Tanga na nadharia ambayo hakutaka mtu aiguse: watu wakiachwa huru kununua na kuuza, uchumi unakua, na uchumi ukikua ajira zinapatikana. Alinichukua kibarua wa muda, mimi mhitimu niliyekuwa nakula ugali wa mama tangu nivue joho, tuzunguke milimani kuuliza watu wanamuuzia nani na nani hana kazi. Nilikuwa naomba kimoyomoyo anogewe nami, aniajiri kabisa.

Tulianzia Lushoto mjini, kwenye uhuru wenyewe. Pale stendi kijana mmoja alimuuzia bosi kava la simu, akamuuzia mapeasi, kisha akamwitia bodaboda na kupewa chochote kitu na dereva. Tulipomuuliza kazi yake, akajibu kwa uchungu, "Kazi sina, mzee. Nahangaika tu." Wenzake wakaitikia. Stendi nzima ilikuwa na bidhaa mkononi, na stendi nzima haikuwa na kazi.

Kwetu Mgwashi uhuru ni wa kutafuta kwa tochi. Majani ya chai yana mnunuzi mmoja; akichelewa, yananyauka huku unayatazama. Kwa nadharia ya bosi, tungewakuta watu wamejaa barazani wameshika tama. Lakini kwetu mwenye jembe akisema hana kazi, amejitangaza mvivu, na habari inafika kanisani kabla yake. Kila nyumba ilitujibu kwa ukali kwamba wote wana kazi. Bibi mmoja asiyeweza kusimama alisema yeye anafukuza kuku. Mlevi tulimkuta amelala shambani; mkewe akasema analinda maharage.

"Uhuru hakuna, na wasio na kazi hakuna!" bosi alilalamika, akijikuna kichwa. "Ningempata hata mmoja tu!"

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. Mama alishawatangazia wanakwaya wote kwamba binti yake ameajiriwa ofisini Tanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kufika kwa jirani.

"Mama, hapa nyumbani kuna mtu asiye na kazi?" bosi akauliza.

"Hakuna!"

"Hata mmoja, mama yangu?" bosi akabembeleza.

"Hata paka ana kazi." Kisha akamgeukia. "Na huyu mwanangu, si mmemwajiri moja kwa moja?"

Bosi ni mkweli kupita kiasi. "Hapana, mama. Kazi yenyewe inaishia hapa hapa kwako."

Jirani akaacha kupepeta mahindi ili asikie vizuri. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na zaidi nilimwonea mama huruma. Akafungua kanga yake, akaifunga upya kiunoni.

"Basi andikeni, yuko mmoja," akasema, na sauti hakuipunguza hata kidogo. "Amesoma mpaka mwisho, na kazi hana. Mwandikeni vizuri, wakubwa huko wamuone."

Bosi nusura acheze. Mimi machozi yalinilengalenga, kwa sababu nilijua Jumapili mama ataingiaje kwenye kwaya.

Kalamu nilikuwa nayo mimi. Nikamwandika asiye na kazi pekee wa Mgwashi, jina langu na umri wangu, nikiwa kazini.