Shimo la Ndizi za Noeli

Asubuhi ile tulifukua ndizi. Kwetu, kwenye miteremko ya Kivu ya Kusini, chini kidogo ya nyanda za juu, mahali ambapo migomba bado inakubali kuota, Noeli ilianzia shimoni. Unachimba, unawasha moto ndani mpaka udongo ushike joto, unatandika majani ya mgomba, unalaza mikungu mibichi, kisha unafunika kwa majani na udongo. Siku ya nne ndizi zimeiva, na mama anakamua juisi ya kanisani, akiilinda isije ikageuka pombe mikononi mwa mashemasi wenye kiu. Kazi ya kufunika ilikuwa yangu. Marehemu baba alinifundisha kwamba hewa ikipenya hata kwenye ufa mdogo, ndizi zinabaki ngumu. Nilijivunia mno kazi hiyo. Majirani waliniita niwafunikie na zao.

Mama alitembea kwa fimbo kwa sababu ya nyonga iliyovunjika zamani. Alikuwa akimtania mdogo wangu Furaha kwamba anaonja ndizi kama mkaguzi wa serikali, ndipo tukasikia bunduki upande wa kanisa.

Zikalia tena, karibu zaidi.

Nikainama nimbebe mama. Akanisukuma.

"Tutakufa wote watatu," akasema. "Uniweke humu."

Shimo lilikuwa tupu, bado lina joto. Nikamshusha. Akajikunja, akavuta kitenge usoni. Nikapanga majani, nikarudisha udongo.

Nikaukanyaga.

Furaha alikuwa ameshatangulia bondeni. Nikamfuata mbio.

Kesho yake mchana nilimwacha huko, nikarudi peke yangu. Wenye bunduki walikuwa wamekula ndizi zetu, na maganda yalizagaa hadi kando ya shimo. Hawakuliona. Nilikuwa nimelifunika vizuri.

Mama hakuwa na jeraha. Majani ya juu yalikuwa yamechanwa kutoka ndani, kwa kucha.

Nilimzika palepale. Furaha nikamwambia ni risasi.

Baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi tuliletwa Marekani, mimi Louisville kwenye ghala la mizigo, yeye Buffalo, anakotunza wazee. Noeli ya 2015 alikuja kwangu kwa basi, akabadili jingine mjini Columbus, akafika analalamika kwamba miguu imevimba. Alipanga kukaa hadi Mwaka Mpya.

Keoni, mwenzangu wa ghalani, alikuwa ametualika. Ni mzaliwa wa Hawaii, mtu wa kicheko kikubwa, anayevaa shati la maua hata siku ya theluji. Alitupokea uani kwake asubuhi na shada la maua kwa kila shingo. "Mele Kalikimaka!" akasema, ndiyo salamu yao ya Noeli. Shemeji yake alikuwa akipiga gitaa dogo la nyuzi nne.

"Donc, huyu anasalimia Noeli kwa luga gani?" Furaha akaninong'oneza kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa kidogo, akicheka. Shada lilimpendeza.

Kisha nikaliona shimo. Kwao nguruwe wa Noeli huokwa ardhini, juu ya mawe ya moto. Keoni alikuwa amenunua majani ya mgomba kwenye duka la Waasia, na yalipogusa mawe yakatoa harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu nyumbani. Wakamlaza nguruwe, wakamfunika kwa majani na magunia yaliyoloweshwa. Keoni akanipa sepetu, kwa heshima ya mgeni.

"Funika," akasema, "mvuke usitoke hata kidogo."

"Acha tundu," nikamwambia.

Akacheka, akasema nyama itabaki mbichi.

"Acha tundu!" Safari hii ilinitoka kwa Kiswahili, na gitaa likanyamaza.

Furaha alinifuata hadi kwenye gari. "Yaya, tundu ya nini?" akauliza; kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

Nikamwambia yote. Alisikiliza huku shada likiwa bado shingoni. Aliuliza jambo moja tu.

"Aliita?"

"Sijui. Nilikuwa nimekimbia."

Kesho yake asubuhi alifunga mizigo, akapanda basi.

Nimelipima jambo hili kila namna. Bila wenye bunduki, mama angekamua juisi siku ile. Lakini udongo niliukanyaga mimi, tena kwa ustadi. Yote mawili ni kweli, na moja halinipunguzii uchungu wa lingine.

Alinipigia simu kutoka kituo cha Columbus.

"Yaya, miaka yote nilikuwa nachukia ule mutu alipiga mama risasi. Nilimupatia hata sura. Sasa nichukie nani?"

Nikamwambia, kama itamsaidia, anichukie mimi.

Nikasikia wakiita abiria wa Buffalo.

"Siwezi," akasema. "Ni weye tu unabakia."