Anverali Aliyeifuta Baridi

Anverali alikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kwa miaka tisa alikuwa karani katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, na kila asubuhi saa tatu alisoma kipimamvua na kuandika milimita kwenye daftari. Kwa hiyo alipohamia Toronto na mkewe Sughra, akapata kazi ya kukata vitambaa katika kiwanda cha mapazia, aliendelea kujiona mtaalamu wa hali ya hewa ambaye mapazia yamemwazima kwa muda tu. Wenzake walizungumza habari za watoto wao. Yeye alizungumza habari za mawingu. Redio ikitabiri mvua, alifungua dirisha la nyumba yao ya ghorofa kule Weston, akanusa, kisha akatoa hukumu ya rufaa.

Kwa miaka mingi hukumu hizo hazikumdhuru mtu. Kisha ukaja msimu wa baridi wa tisini na saba kuingia tisini na nane, ambao ulikuwa baridi kwa jina tu. Ndio ule wakati wa El Nino. Ndugu yake alipiga simu kutoka Tanga akasema mvua zimevunja madaraja na malori yamekwama njiani siku ya sita sasa. Anverali akampa pole ya haraka haraka, halafu akamsimulia kwa kirefu jinsi alivyotembea kando ya mto Humber mwezi wa pili akiwa amevaa sweta tu. Huko Montreal mvua ya barafu ilikuwa imeangusha nguzo za umeme na watu wakakaa gizani siku nyingi. Hilo nalo aliliita jambo la Montreal.

Wakati huohuo gazeti moja liliandika kwamba dunia inapata joto. Makala ilikuwa ndefu. Anverali alisoma kichwa cha habari, akatazama picha, akalikunja gazeti na kutangaza kwamba baridi ya Toronto imekwisha.

Mpwa wake Sakeena, aliyekuwa akisoma jiografia chuo kikuu, alijaribu kumsaidia. Alimweleza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia lakini kilimchosha ulimi, kwamba mwaka mmoja si ushahidi. Alisema dunia kupata joto hakuifanyi Toronto kuwa Tanga, na kwamba hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, ambayo mwishowe lazima yaanguke mahali, kama mvua au kama theluji. Anverali alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililomtia binti matumaini. Kisha akamjibu kwa Kiswahili kwamba yeye alikuwa anapima mvua kabla mama yake Sakeena hajaolewa.

Majani yalipoanza kuanguka mwaka ule wa tisini na nane, alifanya mambo mawili. La kwanza alilifanya nyumbani. Alikusanya koti lake zito, buti zake na beleshi la theluji, akateremka navyo ghorofa ya chini kwa Télesphore, baba wa watoto watatu aliyekuwa ametoka Burundi mwezi uliotangulia. Télesphore alishukuru sana, ingawa alimtazama kwa namna ya ajabu kidogo. Sughra, ambaye katika miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa ameacha kubishana, alizificha buti zake mwenyewe ndani ya gunia la mchele.

La pili alilifanya msikitini. Anverali alikuwa mjumbe wa kamati, mwenye dhamana ya uwanja wa magari. Alisimama kikaoni na kueleza kwamba hakuna haja tena ya kumwajiri mtu wa kusukuma theluji. Zaidi ya hapo, kwa kuwa Ramadhani ingeangukia Desemba na Januari, na ukumbi ni mdogo, watu wafuturu nje, chini ya hema kubwa. Alisema hivyo kwa takwimu za Korogwe. Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika, kwani hakuna habari inayopokelewa vizuri Toronto kama ya kwamba baridi haitakuja.

Na Desemba ilimtii kwa sehemu kubwa. Hema lilisimama, watu wakafuturu chini yake wakiwa na majaketi mepesi, na Anverali akapita katikati ya meza akipokea pongezi kana kwamba jua ni la kwao.

Jumamosi ya tarehe mbili Januari theluji ilianza kuanguka. Kanizfatema, mama aliyetawala jiko la msikiti, alimwambia adhuhuri kwamba ni afadhali chakula kipangwe ndani. Anverali alimtuliza kwamba hiyo ni ya kupita. Alasiri alimtuliza tena, ila kwa sauti ya chini. Jua lilipokaribia kutua, masinia yote ya katlesi, kababu na kalimati yalikuwa yameshapangwa hemani, na waumini walikuwa ndani wanajiandaa kwa sala. Paa la hema likaanza kuinama polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Kisha likalala lote juu ya futari.

Hakuna aliyeumia. Watu walifuturu kwa tende na maji, halafu wakatoka kuyatafuta magari yao na kukuta vilima vyeupe visivyo na alama. Anverali alikuwa wa kwanza kuanza kuchimba, akiwa na viatu vya ngozi vya kuvulia mlangoni, na kwa kukosa beleshi alichimba kwa sinia.

Kanizfatema alimtazama kwa muda. "Anverali," alisema, "ukimaliza na hilo sinia, nirudishie. Hilo ni langu, halimo katika utafiti."

Theluji haikuishia hapo. Ilikuja tena, na tena, mpaka jiji likaita wanajeshi kuja kusaidia kuichimba, jambo ambalo miji mingine ya Kanada ililicheka majira yote. Asubuhi moja Anverali alikuwa anajikongoja kwenda kituo cha basi na viatu vilevile alipokutana na Télesphore anasafisha njia mbele ya jengo. Alikuwa amevaa koti la Anverali na buti za Anverali, na beleshi mkononi lilikuwa la Anverali.

"Mzee, chukua buti zako," Télesphore alisema. "Mimi nina miezi michache tu hapa. Nilipoona mtu aliyekaa hapa miaka kumi na tano ananipa vitu vya baridi, nilifikiri unahama."

Anverali alikataa. Alisema kituo ni pale tu. Alipiga hatua nne, ya tano ikamkosa, na Télesphore akambeba mgongoni mpaka nyumbani na kifundo cha mguu kilichovimba.

Kikao cha kamati kilimngoja mpaka alipoweza kutembea. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kila mjumbe alikuwa ameupinga mpango ule tangu mwanzo. Mmoja alikumbuka hata maneno aliyotumia. Katibu, mtu mkimya aliyeitwa Hadi, alifungua muhtasari na kuusoma bila kuinua macho: hoja ilipita bila pingamizi, na wajumbe wawili walipendekeza hema liwe kubwa zaidi. Kisha kamati iliamua kwa kauli moja kwamba kosa ni la Anverali.

Aliumia, na kwa majuma mawili hakufungua dirisha kunusa hewa. Lakini theluji ilipoyeyuka alikuwa na hukumu mpya: habari za dunia kupata joto ni uongo mtupu, yeye ameona kwa macho yake. Alimwambia Sakeena hivyo alipokuja kuwatembelea mwezi wa nne, na kumtaka akawaambie walimu wake.

Sakeena safari hii hakufafanua chochote. Alimuuliza tu kama mguu umepona. Labda ni huo upole uliomlegeza, kwani Anverali, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya hewa, aliuliza swali.

"Haya, wewe msomi. Mwaka ujao itakuwaje?"

"Sijui, Mjomba," Sakeena alijibu, kwa Kiswahili. "Mwaka mmoja hakuna anayeujua."

Anverali alilalamika kwamba ni ajabu mtu kusoma miaka minne ili aseme hajui. Sughra, aliyekuwa anamenya viazi, alisema hilo ndilo neno la kwanza la kuaminika alilosikia kuhusu hali ya hewa tangu aolewe.