Koksineli ya Papa na Mchanga wa Sufuria

Enzi zetu magari ya Goma tuliyajua kwa sauti. Ungetukuta katikati ya mchezo wa nzango, wasichana wawili wamekabiliana, miguu inarushwa, wengine wanapiga makofi, na bado mtu angesema bila kugeuka kwamba hiyo ni jipu ya daktari, hiyo ni kamyo ya mapadri, na hiyo inayokohoa ni teksi ya muzee Ramazani, jirani yetu. Hakuna aliyebisha. Leo muulize mwanangu gari gani imepita, atakuambia jipu nyeupe, kisha arudi kwenye simu yake. Simlaumu sana, maana jipu nyeupe zimejaa barabara nzima na zote zinanong'ona.

Sisi tulikuwa watoto wa vumbi jeusi. Tulitembea peku juu ya makoro, yale mawe ya volkano, mpaka nyayo zikawa ngumu. Viatu vilikuwa vya shule na vya misa. Asubuhi tulishuka ziwani na bidoni, tukapanda nazo zimejaa, na ole wako umwage. Mama alikuwa na sheria yake kuhusu maji: ni ya kunywa, ya kupika na ya kunawa, sufuria zisuguliwe kwa mchanga. Na katika kusugua sufuria mimi, Nabintu, sikuwa na mpinzani. Nilichota mchanga mweusi wa barabarani, nikaushika na nyuzi za mgomba zilizoloweshwa kidogo, nikasugua mpaka sufuria inanionyesha meno yangu. Wageni walimsifu Mama, Mama akanisifu mimi, nami nikajiona nina diploma.

Papa alikuwa karani, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Siku moja alitumwa Kalengera kwa kazi ya ofisi, akapakia na baiskeli yake juu ya kamyo ili imsaidie huko. Siku ya tatu akarudi na kamyo, amekaa juu ya magunia ya maharagwe, anatabasamu, baiskeli hakuna. Nyuma yake kulikuwa na Koksineli, ile gari ndogo ya mviringo yenye injini nyuma, imefungwa kwa kamba. Ilikuwa imelala miaka mingi kwenye shamba la kahawa na kuku walikuwa wanatagia ndani. Papa alikuwa amebadilisha baiskeli inayotembea kwa gari isiyotembea.

Wanaume wa mtaa waliishusha kwa kelele nyingi. Mama alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni, akauliza jambo moja tu: kesho Papa ataenda kazini amepanda nini? Kesho yake Papa alienda kwa miguu, na aliendelea hivyo kwa miaka miwili.

Miaka hiyo miwili Koksineli ilikuwa mali yetu watoto. Mama alianika maharagwe juu ya paa lake, kuku wetu wakapokea kazi ya kuku wa Kalengera, na sisi tukasafiri. Kaka yangu Mugisho alishika usukani, mimi nikaita abiria. Tulienda Vitshumbi kula samaki, tukafika Bukavu kumsalimia nyanya, na Jumapili moja tulifika hadi Roma na tukarudi kabla mboga ya sombe haijaiva. Matairi hayakuwa na pumzi hata kidogo.

Kisha Faida, mdogo wake Papa aliyekuwa akiishi kwetu, akachumbiwa. Nyumba ikajaa wageni, ua ukawa mdogo, na Mama akaiangalia ile gari kwa jicho jipya. Tayari fundi mmoja wa mbabula, anayetengeneza majiko ya makaa, alikuwa ameshapita na kuigonga gonga kwa kidole, akasema bati lake ni zuri sana. Jioni moja, sote tukiwa tunakula, Mama akatua kijiko.

"Papa Mugisho, mi nimevumilia. Siku ya ndoa ya Faida, hii motokari itembee mpaka ku kanisa. Kama haitembee, fundi wa mbabula anakuya kuikata."

Papa aliosha mikono, akatoka, akaizunguka gari yake mara mbili. Mimi niliingia ndani yake, nikakaa nyuma mahali ambapo kiti kilipaswa kuwepo, nikalia kwa nguvu zangu zote.

Kuanzia hapo kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya kusafisha mtaa, Papa alivua tai. Muzee Ramazani, ambaye familia yake ilitoka Kindu na ambaye alijua injini kuliko alivyowajua wakwe zake, alikuja na vyuma vyake ndani ya gunia. Waliilaza injini kwenye mkeka. Kila kilichofunguliwa kiliwekwa kwenye kopo la nyanya, kwa mpangilio, na sisi tulikuwa walinzi wa makopo: Mugisho bolti kubwa, mimi ndogo. Mikono ya Papa ilinuka petroli hata baada ya sabuni, na harufu ile ikaingia kwenye bugali, na mpaka leo nikipita kituo cha mafuta nasikia njaa.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukarani wake. Ndani ya injini kuna vyuma viwili vidogo vinavyokutana na kuachana ili kutoa cheche, na nafasi kati yao inatakiwa iwe ndogo sana, lakini iwepo. Ramazani alipima kwa jicho. Papa alitoa mfukoni fishi ya ofisini, ile karatasi ngumu ya kuandikia majina, akaikunja mara moja, akaipitisha kati ya vyuma. Ikikwama anafungua, ikipwaya anafunga. Alikuwa akisema: "Motokari iko sawa na mutu. Usikilize kwanza, njo ushike."

Hadi leo napima kwa fishi. Jumamosi navaa ovaroli yangu, mwalimu mzima wa sekondari, naingia chini ya gari. Papa, ambaye sasa macho yake yamechoka, anakaa kwenye kiti pembeni na kuniambia silinda gani imenuna. Wanangu wanapita, wanauliza tunachomeka wapi kompyuta ili ituambie ugonjwa. Babu yao anawajibu kwamba kompyuta ni yeye, na amekwisha chomekwa.

Lakini nilikuwa nasimulia ndoa. Wiki ile ya mwisho injini ilikuwa imerudi mahali pake na ilikuwa imeshakohoa mara mbili, jambo lililofanya mtaa mzima utoke nje. Ramazani aliazima pampu ya kupulizia rangi, wakapaka gari rangi ya buluu. Ilipokauka ilikuwa buluu kweli, ila imefifia, haina mwanga. Papa akasema imebaki kuing'arisha tu, kazi hiyo ataifanya Ijumaa akitoka ofisini.

Ijumaa mchana nilirudi kutoka shule. Mama na Faida walikuwa wameenda kusukwa nywele. Koksineli ilikuwa imesimama uani peke yake, nami nikafikiri: Papa atarudi amechoka, ndoa ni kesho, na gari isipokuwa nzuri Mama ataipeleka kwenye mbabula. Kisha nikajiuliza katika nyumba hii nani anajua kung'arisha kuliko mimi. Nilikuwa na miaka tisa na sikuona jibu lingine. Nikamtuma Mugisho mchanga.

Nilianza na mlango wa dereva, ambao kwetu uko kushoto. Nilisugua kama ninavyosugua sufuria ya sombe iliyoungua, kwa mduara, bila huruma. Nyuzi za mgomba zikawa buluu, nami nikafurahi, kwa sababu kwenye sufuria kinachotoka ni masizi, na masizi yakitoka ndipo mwanga unakuja. Nikamaliza mlango, nikashuka kwenye matigadi, nikamwambia Mugisho aongeze mchanga. Upande wote wa kushoto nilikuwa nimeumaliza jua lilipoukausha. Ukawa wa kijivu, mistari juu ya mistari, na bati likatuangalia. Mugisho akakumbuka ghafla kwamba ametumwa mahali, akaniacha.

Papa alinikuta bado nimeshika nyuzi. Aliweka mkoba wake chini, akapitisha kiganja juu ya mlango taratibu. Aliniuliza nimetumia nini, nikamwonyesha. Nilimwambia nilitaka ing'ae ili wasiikate. Papa alikaa juu ya jiwe na kufunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, nikajua nimemliza baba yangu. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwepo. Ramazani alipofika aliangalia, akasema rangi nyingine hakuna, na hata ingekuwepo haiwezi kukauka hadi kesho.

Kisha Mama akaingia na nywele zake mpya. Aliangalia mlango, akaangalia mkono wangu, na alielewa mara moja, kwa kuwa ile ilikuwa kazi aliyonifundisha yeye mwenyewe, mduara kwa mduara. Nikasubiri kofi. Mama alinipita, akaingia chumbani, na tulisikia sanduku linafunguliwa. Alitoka amebeba kikwembe chake cha ndoa, kitenge chekundu chenye ndege wa manjano, ambacho hata misa ya Pasaka haikukiona. Kilinuka naftalini. Alikitandaza kutoka dirishani mpaka kwenye matigadi, kikafunika kila mkwaruzo, akaniambia nishike pembe moja wakati yeye anafunga kamba.

Kwa hiyo mlango wa dereva haukuweza kufunguka. Asubuhi ya ndoa Papa, ndani ya suti, aliingia kwa mlango wa kulia na kupanda juu ya gia kama mtu anayevuka ukuta. Akafuata Faida, gauni lote likasukumwa nyuma kwa mikono ya wanawake watatu. Mama akakaa mbele. Papa akageuza ufunguo. Injini ililia kidogo, ikanyamaza. Akajaribu tena, ikanyamaza mapema zaidi. Mama aliangalia mbele tu, na mimi nilihesabu mbabula kichwani.

Papa alimwomba Mama ashuke, akavuka gia tena, akafungua nyuma, akatoa fishi mfukoni mwa suti ya ndoa. Aliinama pale hadi tukasikia kengele za kanisa. Aliporudi kwenye usukani alitupungia mkono, na watoto wote wa mtaa tukaweka mabega. Tuliisukuma juu ya makoro, inarukaruka, mpaka pale barabara inaposhuka. Ikakohoa, ikapiga chafya, ikashika. Sijawahi tena kusikia sauti tamu kama ile, na nimezaa watoto wanne. Tulikimbia nyuma yake hadi kanisani tukiwa weusi kwa vumbi, vigelegele vinatoka kwenye kila ua, na Mama ndani anapungia watu kana kwamba gari ilikuwa wazo lake.

Watu walidhani kile kikwembe ni mtindo wa Bukavu. Baada ya mwezi mmoja hakuna gari ya bibi arusi iliyopita mtaani kwetu bila kikwembe kwenye mlango wa kushoto, na madereva wa watu, bila kujua sababu, wakaingia kwa mlango wa kulia na kuvuka gia. Papa aliwasalimia kwa heshima.

Jumatatu fundi wa mbabula alikuja na nyundo na patasi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba gari imetembea. Papa alikuwa ofisini. Mama alitoka jikoni, akasimama kati yake na Koksineli, kikwembe bado hajakifungua mlangoni mwa gari.

"Fundi, urudishe nyundo yako," akasema. "Mwenye kuvaa kikwembe yangu ni mutu wa hii nyumba."

Nyumba ile sasa iko chini ya mawe ya volkano. Siku lava ilipokuja tulitoka na Koksineli, Papa kwenye usukani, sufuria magotini. Mama naye ametuacha, kwa amani, kitandani mwake. Ndoa za siku hizi zina msafara wa jipu za kukodi, utepe mweupe, dereva mwenye miwani ambaye bibi arusi hajui jina lake, na kesho yake jipu zile zile ziko kwenye ndoa nyingine. Ni nzuri, sikatai. Hakuna anayezisukuma.

Mwaka juzi nilimpa kijana mmoja wa karakana Koksineli aipake rangi upya. Alikwangua ya zamani yote, akaziba, akalainisha, akapaka buluu ile ile, kazi safi kabisa. Alinionyesha kwa fahari kwamba huwezi kujua kama iliwahi kuguswa. Papa, ambaye haoni, alipapasa mlango wa kushoto kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama kweli wameturudishia gari yetu. Nilipokuwa na miaka tisa nilitaka ing'ae kuliko nilivyotaka kitu chochote. Sasa inang'aa, nami kila Jumamosi, kabla ya kufungua injini, natafuta kwa kidole mahali nilipoanzia kusugua.