Sauti Iliyokimbiza Mtaa Ilitoka Chumbani Kwetu

Admin, nifichie jina, na mtaa wetu usiutaje, maana huku Mosimboa tunajuana mpaka kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mume na watoto wawili, na tunaishi na mama mkwe wangu. Naandika haraka haraka, mkiona makosa mnisamehe.

Nianze na projekta, ndiyo balaa yenyewe. Tulipokimbia vita mara ya kwanza tuliacha televisheni kubwa ukutani, tukarudi tukakuta misumari. Mume wangu akaapa hanunui tena kitu asichoweza kukimbia nacho. Mwaka huu akaniambia, "Mke wangu, tununue projekta. Ukuta hauibiwi, na mashine yenyewe inaingia kwenye begi la nguo." Nikamjibu haya, ila usiniletee yenye mwanga wa kibatari. Akavuka mpakani pale Namoto hadi Mtwara, akawasumbua watu wa duka wamjaribishie moja moja, mpaka akapata yenye mwanga mkali, inayotoa picha kubwa hata ikikaa karibu na ukuta, maana chumba chetu kidogo. Akachukua na spika mbili, kwa sababu sauti ya mashine yenyewe ni ya mbu.

Ilikuwa alasiri. Tulitundika vitambaa vizito vya kapulana madirishani ili chumba kiingie giza. Picha ikatoka mshazari, juu pana chini nyembamba, tukahangaika na vipande vya tofali chini ya mashine mpaka ikanyooka. Jamani, nilipiga kigelegele! Ila sauti hakuna. Mume wangu akafungulia spika mpaka mwisho, kimya. Akawa anachomoa waya huku, anachomeka kule. Nje nikasikia hodi, ni muuza mkaa, yule anayekuja na baiskeli kutoka kijiji cha Awasse. Nikatoka. Alikuwa anateremsha gunia langu uani wakati mume wangu alipopata tundu sahihi la waya.

Filamu aliyoiweka ilikuwa ya vita.

Wallahi sijui niwaeleze vipi. Risasi zilirindima nyumba nzima. Mimi niliyejua kuna projekta ndani nilijitupa chini kifudifudi. Muuza mkaa aliacha gunia na baiskeli, akaruka ua, akatokomea. Mume wangu akazima, tukatazamana, tukaanza kucheka kile kicheko cha woga. Kisha nikachungulia nje. Mtaa mzima hamna mtu. Masufuria yapo motoni, wali unaungua, wenyewe washaingia porini.

Tungesema palepale yangekwisha. Lakini watu waliporudi kesho yake, huyu anasema kawaona wavamizi watano, yule anasema kawasikia wakiitana majina. Nani angesimama kusema ilikuwa filamu? Mume wangu akanishika mkono. "Nyamaza. Watu wamelala porini na watoto wachanga. Watatumaliza." Nikanyamaza.

Basi watu wakamkumbuka muuza mkaa. Si mwenyeji, na alionekana anakimbia mbele ya wote. Wakasema ndiye aliyewaonyesha wavamizi njia. Vijana wa mtaa wakamkamata, wakamfungia stoo kwa kiongozi wa mtaa, uso wote umevimba. Kesho asubuhi wanamkabidhi kwa wanajeshi. Walipomuuliza mume wangu, mtu wa swala tano, akajibu, "Nilimwona anakimbia." Hakusema kwamba alikuwa uani kwetu.

Nilimvaa chumbani. "Unamuua mtu wa watu!" Akaniambia, "Nikisema alikuwa kwetu, wataniuliza kwa nini sisi hatukukimbia. Nitajibu nini? Unataka nikafungiwe mimi?" Akalia, mwanaume mzima. Nami sitaki afungiwe yeye, nawaambia ukweli. Nampenda, na sitaki hata kuwaza ule uso uliovimba ungekuwa wake.

Leo alasiri mke wa muuza mkaa kaja kwangu, mtoto mgongoni. Mumewe kamwambia kupitia tundu la mlango alikuwa wapi siku ile. "Dada, nakuomba. Twende wote asubuhi ukaseme hilo moja tu, kwamba alikuwa anakuuzia mkaa. Mimi sitakudai lingine." Nikaanza kujiumauma, oh, siku ile nilichanganyikiwa, oh, sikumbuki vizuri. Baiskeli ya mumewe nimeificha nyuma ya choo, na yeye kakaa hapo mbele yangu ananiita dada.

Mama mkwe wangu alikuwa mkekani anachambua mchele. Siku hizi anasahausahau, wala hatukumweleza kitu. Akamwambia kwa upole, "Pole mwanangu. Hata mimi nilijua tumekwisha, mpaka mwanangu alipozima."

Yule mama akageuka, akanikazia macho. "Alizima nini?"

Nikasema, "Jiko."

Yule mama kajitandikia kanga barazani kwangu, anasema analala hapohapo ili asubuhi tuondoke wote. Mume wangu kajifungia chumbani, hataki hata maji. Mimi nipo katikati, huku namsikia yeye anakohoa, huku namsikia mtoto wa yule mama ananyonya.

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Kesho nikisimama mbele ya wale watu, yupi nimpeleke, mume wangu au mume wake?