Dakika za Nyongeza kati ya Mume Wangu na Mdogo Wangu

Mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai uliingia nyumbani kwangu Unyambwa ukiwa umeviringishwa ndani ya taulo. Mume wangu ni mwalimu wa michezo wa sekondari, na kijana aliyewahi kumfundisha, ambaye sasa anasoma Marekani, alikuja likizo akamletea zawadi. Nilipoufungua nilidhani umekandamizwa na mizigo kwenye ndege. Nikamwambia mume wangu aupeleke kwa fundi baiskeli ukajazwe upepo, ukae sawa. Akaniangalia kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda.

Wiki nzima alikaa na simu puani akitazama Wamarekani wakigongana. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa: timu yenye yai inapewa majaribio manne ya kusogea mbele, ikishindwa, inawaachia wenzao. Anayevuka nalo mstari wa mwisho amefunga. Kugongana tulikukataa, kwa kuwa zahanati iko mbali na watu wana mashamba ya kulima. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nikashona mikanda yenye vipande vya kitenge vya kuning'inia kiunoni. Ukichomolewa kipande chako, umekamatwa. Ndivyo nilivyojikuta nimeingia kwenye mambo ya sheria, maana aliyeshona mikanda ndiye aliyeulizwa kila kitu kilipokatika.

Timu zikawa mbili. Unyambwa, nilikoolewa, ikaongozwa na mume wangu. Mwankoko, nilikozaliwa, ikaongozwa na mdogo wangu wa kiume, mkulima wa alizeti mwenye miguu mirefu na ulimi mrefu zaidi. Ndugu yangu wa tumbo moja ni huyo tu. Tangu niolewe, Jumapili haikupita bila yeye kuja kula kwangu na kumtania shemeji yake: kwamba ng'ombe wa mahari walikuwa vikongwe, kwamba walimu hulima kwa chaki. Mume wangu naye hakubaki nyuma. Kwa mashemeji wa kwetu huo ndio upendo. Ukiona shemeji amekuwa na adabu, ujue kuna neno.

Hakuna aliyejua kudaka, kwa hiyo mechi ya kwanza ikaisha bila kwa bila. Mume wangu akasema amejifunza kwenye simu la kufanya: unaongeza muda, unarusha sarafu, anayeshinda sarafu anaanza na yai, na atakayefunga kwanza mechi imekwisha. Sarafu ikaangukia kwetu Unyambwa. Upepo wa Singida unaweza kukuvua kilemba ukiwa unasalimia watu, na siku hiyo ulikuwa unatusukuma mgongoni. Mume wangu akarusha mara moja tu. Yai likaenda kama limeitwa, likamwangukia mtu wetu kifuani ng'ambo ya mstari, akalikumbatia kwa woga. Watu wa Mwankoko walikuwa bado wanafunga mikanda.

"Mimi sijafungwa na nyie," mdogo wangu akasema. "Nimefungwa na sarafu. Mpira wenyewe sijaugusa."

"Sheria ndiyo hiyo, shemeji. Hata Marekani ndivyo wanavyofanya."

"Basi Marekani nako kuna watu wanaonewa."

Na kweli, yule kijana alituandikia baadaye kwamba wenyewe wamegombana sana juu ya sarafu hiyo hiyo hadi wakabadili sheria. Lakini siku ile mdogo wangu alichukua baiskeli yake akaondoka. Nyumbani nilikuwa nimempikia kuku, na firigisi, ambayo kwetu haiendi kwa mtu yeyote tu, nilikuwa nimemtengea yeye. Ilikaa kwenye bakuli mpaka ikapoa. Mume wangu aliitazama, nikamtazama, akaacha.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu hakuja. Baadaye tukakutana naye sokoni. Akamwambia shemeji yake, "Habari za kazi, mwalimu?" kwa adabu kamili, akapita. Afadhali angemtukana. Nilirudi nyumbani nikaharibu gauni la mteja.

Nikadai sheria ile ibadilishwe, na wazee wa pande zote wakakaa. Wakakubaliana kila timu ipate zamu yake ya kushika yai, jambo la haki kabisa, mpaka mmoja akauliza nani awe wa pili, maana anayecheza wa pili anajua tayari anatakiwa kufanya nini. Na zamu hizo zitaisha lini? Ubishi ukaanza upya. Ndipo mzee mmoja akatoa wazo ambalo wote walilipigia makofi, na mimi nilipiga. Kiwanja chetu kimelala kwenye njia ya mifugo kwenda kunywa maji. Basi zamu ziendelee mpaka ng'ombe waingie kiwanjani; wakiingia, aliye mbele ameshinda. Ng'ombe hana timu.

Ng'ombe hana timu, lakini mchungaji anayo. Mechi ya pili ikawa sare tena, zamu zikaanza, Mwankoko wakafunga, na kabla watu wetu hawajajipanga, kundi zima likaingia mbio huku jua likiwa bado juu. Siku hiyo ng'ombe walipata kiu mapema sana. Mchungaji alikuwa baba yetu mdogo, wa Mwankoko. Aliposhutumiwa alisema yeye hasomi saa, anasoma ng'ombe.

Sasa mume wangu ndiye akanuna. Wanaume wawili wazima, kila mmoja ana ushindi anaojua moyoni kuwa haukunyooka, na kila mmoja ananituma mimi nimsalimie mwenzake. Nilichoka. Nikapanda bodaboda mpaka Mwankoko kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hawajapatana?"

Alikuwa anapasua boga. Nilimweleza yote, sarafu na ng'ombe. Mchezo hakuuelewa, wala hakujisumbua kuuelewa. Alinijibu kwa Kinyaturu, kama afanyavyo akitaka nisibishe, kwamba mimi na mdogo wangu tulikuwa tunapigania boga mpaka majirani wanakuja kuamua. Yeye alifanyaje?

Nilikumbuka. Mama hakuwahi kutugawia. Mkubwa alishika kisu, mdogo akachagua kwanza. Mkubwa nilikuwa mimi, kwa hiyo nilijifunza kukata boga kwa uangalifu ambao hata kitambaa cha harusi sijawahi kukipa. Upande mmoja ni mtamu zaidi, basi unaupunguza kidogo. Unasogea pembeni, unatazama kwa macho ya yule mchoyo mdogo aliyekaa mbele yako. Ukijipendelea, yeye ndiye atakayebeba.

Nikarudi na sheria. Mechi ikiwa sare, kapteni aliye mkubwa kwa umri anaweka yai chini popote anapotaka na kuonyesha upande wa kushambulia. Aliye mdogo anachagua: kushambulia kutoka hapo, au kuzuia. Majaribio manne, basi. Wakifunga wameshinda, wasipofunga wameshinda waliozuia. Wote wawili walikubali, kila mmoja kwa sharti kwamba nisiseme amekubali wa kwanza.

Mechi ya tatu, bila kwa bila. Bado hakuna aliyejua kudaka.

Mume wangu, kwa kuwa ndiye mkubwa, akachukua yai. Akaliweka karibu na mstari, akafikiri, akaliokota. Pale shemeji yake angeshambulia na kufunga huku anatembea. Akalipeleka mbali, akatikisa kichwa. Pale angezuia tu. Akageukia upepo, akarudi. Watazamaji wakamuuliza kama anapima kiwanja cha kuuza. Hakuwasikia. Nilimwona akisogea kando, akiinamisha kichwa, akipatazama pale chini kama mtu mwenye miguu mirefu na hasira. Kwa mara ya kwanza tangu mpira ule uje, mume wangu alikuwa anahangaika kufikiri kama mdogo wangu. Moyo wangu ukalainika kabla mtu hajacheza.

Mwishowe akaliweka. Mdogo wangu akalizunguka, akanyanyua uso kuupima upepo, akatabasamu kidogo.

"Nashambulia."

Jaribio la kwanza wakasogea. La pili wakasogea tena. La tatu kitenge kikachomolewa palepale. La nne mdogo wangu akarudi nyuma, akarusha juu kabisa, akitegemea upepo ulibebe yai. Na upepo wa Singida, ambao haupumziki hata kwenye msiba, ukapumzika. Yai likaanguka kabla ya mstari, likadundadunda, likalala.

Upande wetu hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanamtazama yeye, mimi natazama baiskeli yake. Alisimama, mikono kiunoni. Akapatazama pale yai lilipokuwa limewekwa, akaitazama njia ya Mwankoko, kisha akamfuata mume wangu.

"Shemeji, natafuta mtu wa kumlaumu. Hapa uliponiwekea simpati."

"Jilaumu mwenyewe."

"Ndiyo nafanya. Lakini siwezi kujilaumu na njaa, mwalimu wa chaki wewe. Twende kwako."

Wakatangulia wakitukanana njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma yao na mikanda mikononi, machozi yananitoka na ninacheka, nikihesabu jikoni kuna nini, kwa sababu siku hiyo sikuwa nimepika. Niliogopa kupika.